ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, zilikwama bandarini Mombasa mwaka 2021, wagonjwa wakapewa vidonge vya wiki moja. Ilikuwa nini hii?

Wanajamvi, ilitosha. Tangu Januari 2021 shehena ya ARV za msaada kutoka Marekani ililala bandari ya Mombasa, serikali na wafadhili wakivutana kuhusu ushuru na nani apewe kazi ya kusambaza. Kenya ina watu zaidi ya milioni moja wanaomeza dawa hizi kila siku. Virusi havisubiri karatasi za forodha.

Mwaka 2020 kafyu ya Korona ilipoanza, agizo lilikuwa la maana: mgonjwa aliyetulia apewe za miezi mitatu, vidonge 90, asije kubanana kwenye foleni. Mwaka 2021 akawa anapewa za mwezi, kwingine za wiki. Pigeni hesabu. Kwa wa wiki, safari moja ikawa kumi na tatu, tena kwa matatu ya viti 14 iliyobeba abiria 8 kwa nauli iliyopanda. Mlimwambia mtu akae nyumbani, halafu mkamwita kliniki kila Jumatatu!

Na hivyo vidonge saba saba viligawiwaje? TLD, ile dawa ya tatu kwa moja, huja katika kopo lenye kifuko cha kunyonya unyevu. Ukivimimina kwenye bahasha ya karatasi, tenofoviri iliyomo inashika unyevu na kuanza kuharibika, na hali ya hewa ya Pwani mnaijua. Kama akiba ilikuwa ndogo, mngetoa kopo zima la 30 ambalo halijafunguliwa.

Kilichouma zaidi ni watoto. Mtoto wa mama mwenye virusi hupimwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, akiwa na wiki sita, kwa matone ya damu ya kisigino. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, viliadimika. Mashine ya kupimia ya GeneXpert yenye nafasi nne hupima sampuli nne tu kwa mpigo, na wakati huo iligombaniwa na Korona, TB na hao watoto. Bila matibabu, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufa kabla ya kutimiza miaka miwili, wengi katika miezi ya mwanzo kabisa. Jibu la PCR likichelewa miezi mitatu, huyo mtoto ameachwa afe.

Shehena ingetoka siku ile ile, ushuru wangegombania baadaye. Mzunguko wa kwanza wa mashine kila asubuhi ungekuwa wa watoto. Kliniki jirani zingekopeshana makopo badala ya kurudisha watu mikono mitupu.

Huko kwenu mlipewa za siku ngapi? Andikeni hapa kaunti na idadi ya vidonge, bila jina la mtu.