Rangi ya paa inabanduka na matao ya nyuma yana kutu, dhamana imekwisha: nianze wapi?

Raskazone12

Salaam wakuu. Naomba msaada wa wanaojua bati na rangi. Gari ni Toyota Noah ya 2009, nyeupe ya lulu, liliingia likiwa limeshatumika Japani. Linalala nje hapa Tanga, mita kama mia tatu kutoka baharini. Aliyeniuzia alitoa dhamana ya miezi 6 na imeshapita.

Paani rangi inatoka vipande vipana kama ganda la yai. Chini yake bati ni la kijivu na safi, kutu ipo tu pale palipobanduka siku nyingi. Matao ya magurudumu ya nyuma yana malengelenge yenye upana wa sarafu, mawili yamepasuka na yanatoa unga wa kahawia. Mlango wa kuteleza wa kushoto una mstari wa kutu chini kabisa.

Fundi wa kwanza anasema atakwangua, atapiga puti (uji mzito wa kujazia mabonde) na kupuliza gari zima kwa siku 3. Wa pili anasema matao lazima yakatwe, na bei yake ni zaidi ya mara mbili. Nimfuate yupi? Na je, kuna njia ya kudai kwa mtengenezaji?

BatiNaGesi

Mkuu, hapo una magonjwa mawili yasiyohusiana, na kosa la fundi wa kwanza ni kuyapa dawa moja.

La paa ni rangi kukosa mshiko. Kiwandani bodi huzamishwa kwenye bwawa la praima (rangi ya kwanza ya kushikia bati) kwa nguvu za umeme, halafu ndipo hupulizwa tabaka nyingine. Kwenye nyeupe, mwanga wa jua hupenya hadi kwenye praima hiyo na kuidhoofisha, ikaachana na bati. Ndiyo maana unaona bati safi. Kutu huja baadaye, bati likishakaa wazi.

La matao ni kutu inayotoka ndani. Pale bati la nje na bati la ndani la tao yamebanwa pamoja ukingoni. Tairi hurusha tope na maji ya chumvi, gundi ya maungio ikipasuka unyevu unaingia katikati na hautoki. Lengelenge unaloliona nje ni mwisho wa safari, si mwanzo. Chukua bisibisi ya bapa, bonyeza katikati ya kila lengelenge kwa nguvu ya kiasi. Ikizama, bati limekwisha na hakuna puti wala dawa ya kutu itakayolirudisha. Ikigonga chuma kigumu, bado unaweza kusafisha bila kukata. Papasa pia kwa ndani, nyuma ya plastiki ya tao na chini ya zulia la nyuma.

Kuhusu puti, puti ya poliesta hunywa maji. Ukiipaka juu ya kutu, au juu ya tundu lililozibwa na wavu, inafyonza unyevu kutoka ndani na kuulaza kwenye chuma. Kazi ya siku 3 itang'aa siku ya kukabidhiwa, mvua za masika zikipita malengelenge yanarudi mahali palepale, mapana kuliko mwanzo.

Pesa ikiwa haitoshi kwa vyote, anza na matao na mlango. Paa linaweza kusubiri: toa kila kipande kinachotoka kwa urahisi, kwaruza kwa msasa namba 180, paka epoksi praima (praima ngumu ya kuchanganya vitu viwili) kwa brashi, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Litakuwa baya kwa macho lakini bati litahifadhika. Epoksi huchakaa juani na kutoa chokaa, kwa hiyo usiiache mwaka mzima.

Kibanda_cha_Rangi

Naunga mkono, niongeze la dhamana. Dhamana ya rangi na dhamana ya kutu ni vitu tofauti. Ya rangi kwa kawaida huwa fupi. Ya kutu huwa ndefu zaidi, lakini soma neno lake: inahusu bati *kutoboka* kutoka ndani kwenda nje. Kutu ya juu, iliyotokana na mawe au mikwaruzo, haimo. Wenye magari waliyoyanunua mapya kwa wakala wasingoje tundu litokee baada ya muda kuisha. Lengelenge la kwanza likionekana, piga picha zenye tarehe na uombe liandikwe kwenye kumbukumbu za huduma. Hata muda ukipita, maombi yenye ushahidi ulioanza mapema husikilizwa kuliko malalamiko ya mdomo.

Kwa gari lako, angalia kwanza kibati cha chasisi, kwenye nguzo ya mlango au kwenye ukuta wa injini. Tafuta maandishi C/TR. Namba ya mbele ya mkwaju ndiyo ya rangi. Ikiwa 070 ni nyeupe ya lulu, ikiwa 040 ni nyeupe tupu. Toyota iliwahi kukubali kuwa rangi hizi mbili, kwenye baadhi ya magari yaliyouzwa Amerika Kaskazini, zinabanduka hadi kwenye bati kwa sababu hiyohiyo aliyoieleza BatiNaGesi, ikaongeza muda wa matengenezo ya bure. Mpango wa namna hiyo huendana na soko na namba ya chasisi, na una kikomo cha miaka. Gari la 2009 lililoingia kama mtumba lisitarajie kulipiwa. Faida ya kulijua jambo hili ni ya kiufundi: linakueleza kuwa paa zima ni bovu, si pale tu lilipobanduka.

Raskazone12

Asanteni sana. Namba ni 070 kweli. Nimejaribu bisibisi: tao la kulia limezama sehemu mbili, la kushoto halijazama. Mlango haujazama ila matundu ya maji chini yameziba kwa udongo. Naomba hatua za kumsimamia fundi.

BatiNaGesi

Tao la kulia, basi, linakatwa. Msimamie hivi.

Kabla ya moto wowote, betri ichomolewe, zulia na sponji za ndani zitolewe, nyaya zisogezwe. Ikiwa mdomo wa tangi la mafuta uko upande huo, bomba lake lifunguliwe na kuondolewa kabisa. Kulifunika kwa kitambaa hakutoshi. Awepo mtu wa pili ndani na chombo cha kuzimia moto, kwa sababu sponji huwaka upande ambao mchomeleaji haoni.

Akate hadi kwenye bati jeupe (tupu, lisilo na kutu wala rangi) pande zote, hata kama shimo litakuwa kubwa mara tatu ya lile la kutu. Kiraka kiwe bati la milimita 0.8. Achomelee kwa mashine ya umeme ya MIG yenye waya wa milimita 0.6, nukta mojamoja, akiruka kutoka kona hii hadi ile na kuacha bati lipoe. Akikwambia atatumia gesi, mkatalie: moto wa gesi hupinda bati pana na kuunguza rangi ya upande wa ndani, na hapo ndipo kutu mpya inapoanzia. Sehemu zinazolaliana zipakwe praima ya zinki kabla ya kubanwa.

Tao la kushoto na mlango: osha kwa maji mengi yasiyo na chumvi KABLA ya msasa. Hatua hii hurukwa karibu kila gereji, na kwa anayeishi pwani ndiyo muhimu kuliko zote. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta maji kupitia kwenye rangi yenyewe na kutengeneza malengelenge mapya, hata kama fundi alitumia vifaa vya bei. Kausha, kisha ondoa kutu kwa diski ya nailoni au msasa 80 mpaka vidoti vyeusi vilivyojificha kwenye vishimo viishe, na uvuke sentimita 3 hadi 5 ndani ya rangi nzima. Futa kwa kiondoa mafuta, kitambaa kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kukausha. Asitumie petroli, inaacha mafuta.

Epoksi ipigwe siku hiyohiyo. Bati lililo wazi likilala usiku mmoja Tanga, asubuhi lina kutu changa, na msasa unaanza upya. Puti ije *juu ya* epoksi, isizidi milimita 2 au 3, hadena (kigandishi chake) asilimia 2 hivi ya uzito wake, na isuguliwe kavu. Kusugua puti kwa maji ni kuinywesha.

Mwembe_Tanga

Na ile dawa ya kugeuza kutu kuwa nyeusi, haifai kwenye vishimo?

BatiNaGesi

Zenye asidi ya fosforasi hufaa mahali msasa usipofika, ila masharti yake ni magumu. Mabaki ya asidi huzuia epoksi kukauka na kushika. Ukiitumia, fuata kopo namna ya kuiondoa, kisha ukaushe kabisa. Kwenye sehemu ya wazi kama tao, msasa ni bora kuliko dawa.

Kibanda_cha_Rangi

Sasa paa. Usikubali lisuguliwe kingo tu na kupulizwa. Jaribu kwa selotepu ya kufungia mizigo: ibandike kwenye rangi inayoonekana nzima, ivute kwa ghafla. Au elekeza upepo wa kompresa kwenye ukingo uliobanduka, utaona inavyoendelea kukimbia. Lote litoke hadi kwenye bati. Bati la paa ni jembamba na pana, asitumie grainda yenye jiwe. Moto utalivimbisha na halitanyooka tena. Wembe wa kukwangulia ulazwe, kisha mashine ya msasa 80 na kumalizia 180. Dawa ya kubabua rangi isikaribie mifereji, hujificha kwenye maungio na kuchemsha rangi mpya.

Paa la Noah ni kama mita 4 za mraba. Makadirio ya vitu vikiwa vimeshachanganywa: epoksi lita 1, praima ya kujazia lita 1, nyeupe ya msingi lita 1, lulu lita 1, klia (tabaka angavu la juu) lita 1 na robo. Ukiona fundi ameleta nusu lita ya klia kwa paa zima, anapanga kupaka mkono mmoja mwembamba.

070 ni rangi ya hatua tatu: nyeupe, kisha lulu, kisha klia. Kila mkono wa lulu hubadilisha rangi, kwa hiyo apulize kwanza vibati vitatu vya majaribio vyenye mikono 2, 3 na 4 ya lulu, avipige klia, halafu avilinganishe na mlango juani. Kwa bahati nzuri paa hukomea kwenye ukanda wa pembeni, tofauti ndogo haitaonekana. Hakuna haja ya kupuliza gari zima. Mipira ya ukanda na ya kioo itolewe, isifunikwe tu kwa karatasi, maana rangi ikikomea kwenye mpira ndipo inapoanza kubanduka.

Klia iwe ya vitu viwili, yenye hadena. Thina ichaguliwe ya polepole kwa joto letu, na kazi isifanywe mvua ikinyemelea. Hadena hiyo ina aisosianeti, inaharibu mapafu, na barakoa ya vumbi haiizuii. Mpulizaji avae kifaa cha kupitishia hewa safi na watoto wasiwepo karibu.

BatiNaGesi

Nilisahau la mwisho. Rangi ikishakauka, si kabla, ndani ya tao na ndani ya mlango paingizwe nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu wenye kichwa kinachorusha pande zote. Maungio yawe yameshazibwa kwa gundi ya poliyurethani juu ya epoksi. Matundu ya maji chini ya mlango yazibuliwe tena kwa waya laini baada ya nta. Oili chafu ya injini isitumike: inaozesha mipira na kudondoka kwenye sailensa.

Lipa kwa awamu. Uone bati jeupe kabla ya epoksi, uone epoksi kabla ya puti, na upige picha kila hatua.