Anajua kila neno, sentensi inampotea: namfundisha ufahamu wa Kiingereza kijana wa Kichina hapa Kigoma

binti_wa_Mwanga

Habari za jioni wote. Mwakeye kwa wa huku kwetu.

Naomba msaada wa walimu, na wa yeyote aliyewahi kuishi na Wachina. Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Kigoma mjini, na jioni nina tuisheni barazani nyumbani, Mwanga. Tangu Januari nimepata mwanafunzi ambaye sijawahi kupata mfano wake, kijana wa Kichina wa miaka 14. Baba yake yuko kwenye ujenzi wa reli ya kisasa, kile kipande cha Tabora hadi Kigoma chenye kilomita 506. Mama yake hataki mtoto akirudi kwao akute wenzake wamemwacha, maana kuna mtihani wa kumaliza darasa la tisa unamsubiri, na ufahamu una alama nyingi humo. Basi kila Jumanne na Alhamisi saa kumi analetwa na bodaboda, mkononi ana bahasha ya vifungu vya habari alivyochapiwa na mama yake. Chini ya kila kifungu kuna maswali manne au matano ya kuchagua A, B, C, D.

Kijana si mvivu, niliseme hilo mapema. Akikaa tu anatoa penseli iliyochongwa vizuri, na juu ya kila neno asilolijua anaandika herufi ndogo za kwao, taratibu, mpaka karatasi inakuwa na mistari miwiliwili, Kiingereza chini, Kichina juu. Kwa maneno anawazidi kidato cha pili wangu. Muulize neno mojamoja, hakosi. Muulize habari inasema nini, anainama kwenye meza na kunyamaza.

Alhamisi iliyopita tulikuta sentensi hii: "The old man who sold the boat to my uncle has never learned to swim." Swali likauliza nani hajui kuogelea. Akachagua "my uncle". Nikamwambia soma tena. Akasoma kwa sauti, matamshi safi kabisa, akaweka kidole kwenye "uncle", akakisogeza mpaka "has never learned", kisha akaniangalia kwa mshangao, kwamba mwalimu mbona jambo liko wazi. Nilimfafanulia kwa Kiingereza hichohicho, kwa sababu Kichina sikijui, na Kiswahili chake ni cha sokoni: bei gani, punguza, dagaa fungu shilingi ngapi. Akaitikia kwa kichwa. Kifungu kilichofuata akarudia kosa lilelile.

Kuna jambo jingine. Kabla ya hapo alinisimamisha kwenye hilohilo neno "uncle". Alitaka kujua ni yupi. Simu yake ilikuwa imempa neno moja la Kichina na yeye alikuwa halikubali. Nikaona muda unakwenda, nikamwambia aendelee. Tangu siku hiyo moyo hautulii, nahisi nilimkatiza mtoto kwenye swali la maana.

Sasa nifanye nini? Nimuongezee maneno? Nimpe vifungu vifupi zaidi? Au kuna kitu kwenye lugha yake ambacho mimi sikioni?

mtoto_wa_Kibondo

Pole na hongera dada. Mimi nilisoma Wuhan, China, miaka mitano, mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa lugha. Maneno usimuongezee. Kinachomponza ni mahali anapomtafuta mhusika.

Kichina hupanga maelezo yote mbele, kisha kinakuja kisilabi "de", kisha ndiyo anatajwa mtu anayeelezwa. Hiyo sentensi yako kwa mpangilio wao ingekuwa hivi: "aliyemuuzia mjomba wangu mtumbwi, de, mzee, hajajifunza kuogelea." Umeona mzee amekaa wapi? Mwishoni, ubavuni mwa kitenzi. Huyo mtoto tangu anyonye amezoea kwamba jina linalopakana na kitenzi ndilo lenye kitenzi. Kwenye Kiingereza jina linalopakana na "has never learned" ni "uncle". Kidole chake kilikwenda mahali ambapo lugha yake imemfundisha kwenda. Kwa hiyo ukimwambia tu "soma tena", atasoma tena na atafika palepale.

Kiswahili kinapanga kama Kiingereza hapa: mzee kwanza, "aliyemuuzia" baadaye. Ndiyo maana wewe hukuliona tatizo.

Na hilo la "uncle", dada, alikuwa na haki kabisa. Kaka wa mama kwao ni "jiujiu". Kaka mkubwa wa baba ni "bobo", mdogo wa baba ni "shushu". Ni mjomba, baba mkubwa na baba mdogo, sawasawa na sisi. Kiingereza kimewatupa wote kwenye kapu moja. Mwandikie hayo matatu ya Kiswahili uone atakavyochangamka.

Mengine ya kuangalia. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo kwa wakati. Jana, leo na kesho ni kilekile, na wakati unatambulika kwa maneno mengine ya pembeni. Hivyo maswali ya "kipi kilitangulia" yatamsumbua, hasa penye "had". Mwambie aweke namba 1 na 2 juu ya vitenzi. Halafu "he" na "she" kwao ni sauti moja, "ta", ingawa maandishi ni tofauti. Nasi tuna "yeye", kwa hiyo utamwelewa.

Na tarakimu! Wao wana neno la elfu kumi, "wan", na wanahesabia hilo. Mwaka 2024 waliojiandikisha kwa gaokao, ule mtihani wa kuingia chuo kikuu, walikuwa kama milioni 13.42. Mchina anasoma hiyo kuwa "wan" 1,342. Akikuta "million" kwenye kifungu anaacha kusoma, anaanza kuhamisha sifuri.

Kuhusu mbinu: kwao Kiingereza kinaanza kufundishwa darasa la tatu la msingi, na wanafundishwa kwa kasi ya mtihani. Kwenye gaokao karatasi ya kitaifa ya Kiingereza ina alama 150, usomaji peke yake una 50, na muda ni saa mbili. Ndiyo maana wanafundishwa kusoma maswali kwanza kisha kwenda kuwinda jibu. Ningekushauri usimwondolee hiyo, ataihitaji.

kidato_cha_tatu_Urambo

Mimi ni mwanafunzi tu, samahani kuingilia wakubwa. Hata mimi nakosa maswali kama hilo la mzee na mtumbwi na sijui Kichina. Madam akisoma kwa sauti na kupumzika kidogo baada ya "uncle" naelewa. Nikisoma mwenyewe kimya naunganisha yote.

mwalimu_mstaafu_Isevya

Mwangaluka. Nawasalimu kutoka Tabora.

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi na nimestaafu, lakini mada hii imeniamsha kitini. Binti, unafanya kazi njema. Mwanao wa Urambo hapo juu amesema jambo kubwa kuliko anavyodhani. Pumziko hilo baada ya "uncle" ndilo linaloonyesha kipande kimeishia wapi. Anayesoma kimya hana pumziko, lazima alichore mwenyewe kwa penseli.

Ndugu wa Kibondo, tutatofautiana kidogo. Mbinu ya kuwinda jibu inamfaa anayekwisha kuelewa sentensi. Asiyeelewa anawinda neno linalofanana, akilikuta anaokota, na watunzi wa maswali wanalijua hilo, wanamtegea palepale. Binti, kwa mwezi mmoja funika machaguo. Kata kipande cha boksi, kiweke juu ya A, B, C, D. Kijana asome kifungu, afunge karatasi, akusimulie. Akivunja Kiingereza mwache avunje. Ukishasikia simulizi ndipo ufunue.

Nina swali kwa ndugu wa Kibondo. Watoto wetu wanaandika "Although he was tired, but he walked", kwa sababu sisi tunasema "ingawa alichoka, lakini alitembea". Kiingereza kinataka kimoja tu. Kwenye kusoma madhara yake hayaonekani haraka: mtoto anasubiri "but" impe ishara kwamba habari imegeuka, haiji, basi kona inampita. Wachina nao wana jozi hiyo?

Na la pili, ukimuuliza mtoto wetu "Hujala?" anajibu "Ndiyo, sijala". Mwingereza atasema "No". Kwenye maswali ya kweli au si kweli yenye kikanushi tunapoteza alama bure.

mtoto_wa_Kibondo

Shikamoo mwalimu. Yote mawili wanayo. "Suiran" ni ingawa, "danshi" ni lakini, na vinakwenda pamoja kama pete na kidole. Na kwenye "Hujala?" wanajibu kama sisi, "ndiyo, sijala". Wuhan nilikuwa najibizana nao hivyo bila taabu yoyote, Mwingereza darasani ndiye alikuwa anashindwa kutuelewa.

La kufunika machaguo nimelipokea kwa mwezi huo mmoja. Lakini dada, siku moja kwa wiki weka saa mezani.

binti_wa_Mwanga

Shikamoo mwalimu, na asante kaka. Narudi na habari za jana Jumanne, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu nyinyi mmenipa kazi na nimeifanya.

Nilianza na "uncle". Nikaandika kwenye daftari lake: mjomba, baba mkubwa, baba mdogo, nikachora baba na mama juu na mistari ya kushuka. Akaichukua penseli mkononi mwangu kabla sijamaliza. Akaandika herufi mbili mbele ya kila mmoja, akasoma "jiujiu" huku akigonga mjomba kwa kidole, mara mbili. Halafu akaniambia kwa Kiingereza kwamba jiujiu wake ndiye aliyemfundisha kuogelea. Miezi yote hii hajawahi kunisimulia kitu cha kwao bila kuulizwa. Nikamwomba radhi kwa Alhamisi. Nadhani hakuelewa naomba radhi ya nini, ila nilihitaji kusema.

Kisha nikaandika sentensi mbili, moja juu ya nyingine:

"The nets which the women on the shore were mending belonged to one man."

"Nyavu ambazo akina mama ufukweni walikuwa wakizishona zilikuwa za mtu mmoja."

Nilitaka kumwonyesha tu kwamba mpangilio unafanana, nyavu zinatangulia. Yeye akaona kingine. Akazungushia "zo" kwenye ambazo, akazungushia "zi" ndani ya wakizishona, akazungushia "zi" ya zilikuwa. Akauliza kwa nini inarudi-rudi. Nikamweleza kwamba kwetu kila neno linalohusu nyavu linavaa sare ya nyavu, kwa hiyo hata zikikaa mbali na kitenzi chake utazitambua. Nikachora mstari mwekundu kutoka "nyavu" hadi "zilikuwa", ukapita juu ya akina mama wote. Akaushuka mstari wa Kiingereza, "nets", akatafuta sare, hakuiona. "English has no uniform," akasema. Nikamwambia ndiyo, Kiingereza hakikuvalishi, kwa hiyo mstari mwekundu utauchora wewe.

Kanuni hiyo imekuwa yetu. Akikutana na "who", "which" au "that", anafungua mabano kwa penseli, anayafunga pale maelezo yanapoishia, kisha anavuta mstari mwekundu kurudi kwa mwenyewe. Mabano yanaishia wapi ndipo tunapobishana zaidi, na hapo pumziko la mdogo wetu wa Urambo limesaidia: namsomea, anasikiliza nilipotua, anafunga.

Vile vifungu vya bahasha vya jana nilivikuta vigumu kwake kwa sababu nyingine. Kimoja kilihusu chakula cha sikukuu ya huko Marekani ambacho wala mimi sijawahi kukiona. Nikaviweka kando, nikamwandikia changu, cha Liemba, meli ambayo bandarini hapa hakuna asiyeijua. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuunganishwa hapahapa Kigoma, na Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 wakati wakiukimbia mji. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924. Ndani nikatega mtego wetu:

"The ship which the Germans had sunk to keep it from their enemies returned to work in 1927."

Swali: nini kilirudi kazini mwaka 1927? Machaguo nikayafunika na kipande cha boksi la sabuni.

Kidole kikaenda kwenye "enemies". Kikasogea mpaka "returned". Nikajizuia nisiseme kitu, mwalimu, na ilikuwa kazi. Kikasimama. Akarudi nyuma, akafungua mabano mbele ya "which", akatembea nayo, "enemies" ikaingia ndani, akafunga. Akachukua kalamu nyekundu, akavuta mstari mrefu mpaka "ship". Halafu bila kuambiwa akaweka 1 juu ya "had sunk" na 2 juu ya "returned". Nilipofunua boksi hata hakuyasoma yote, akatia alama kwenye meli, akageuza karatasi kuniuliza kina cha ziwa ni kiasi gani kama meli inaweza kuzama na kutolewa. Nikamwambia ilizamishwa karibu na mji, si kule kwenye kina kikubwa kabisa cha mita 1,470. Akaandika 1,470 pembeni ya karatasi.

Kati ya maswali matano alipata manne. Alilokosa ni la "although", mwalimu, kama ulivyotabiri. Kona ilimpita.

Alhamisi nitaweka saa mezani kama kaka alivyosema, dakika nane kwa kifungu. Nataka kingine kiwe cha sokwe wa Gombe na Jane Goodall alipofika mwaka 1960, nimeshaanza kukiandika, na humo nimeweka "although" tatu. Mwalimu, nikikibandika hapa kesho asubuhi utanisahihishia kabla sijakichapisha?

mwalimu_mstaafu_Isevya

Marahaba binti yangu. Kibandike. "Although" tatu ni nyingi kwa kifungu kimoja, weka mbili, na moja iwe katikati ya sentensi, asizoee kuitafuta mwanzoni tu.