Nimepewa nusu saa redioni kuelezea haki za wahanga wa uhalifu, nianzeje?

Mpiga_Zeze:
Wakuu, salaam.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea, wilaya moja mkoani Morogoro. Redio jamii ya hapa imenipa nusu saa kila Jumamosi jioni nizungumzie haki za aliyeibiwa, aliyepigwa, aliyebakwa, aliyeuliwa ndugu. Silipi wala silipwi.

Kikwazo ni mtangazaji. Anataka kila wiki tulete "mtu na mkasa wake", ataje jina, kijiji, ikibidi na mtuhumiwa, ili simu ziite. Mimi moyo unasita. Ila nikikaa kusoma vifungu nusu saa nzima, najua watu watahamia stesheni nyingine. Mliowahi kufanya vipindi vya namna hii mlifanyaje?

Wakili_Uchwara:
Mkuu, la kutaja majina futa kabisa. Kesi za makosa ya kujamiiana ushahidi husikilizwa faragha, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakataza vyombo vya habari kuutangaza. Mtoto naye analindwa na Sheria ya Mtoto ya 2009. Halafu mtu hajahukumiwa, umwite mbakaji hewani? Atawashtaki kwa kashfa wote. Usibishane na mtangazaji, nenda kwa meneja. TCRA, mamlaka inayosimamia redio, ikiita, inamwita mwenye leseni.

Nesi_wa_Zamu:
Usianze na sheria, anza na yale masaa ya kwanza. Wodini kwetu aliletwa binti ameshaoga, nguo zimefuliwa na ziko kwenye kamba, kwa sababu shangazi yake alimwambia ajisafishe kwanza asije akanuka aibu mbele za watu. Shangazi alikuwa na nia njema kabisa. Ushahidi ndio ukaenda na maji ya beseni.

Kwa hiyo sema, na urudie kila wiki hata mtangazaji akichoka: asioge, nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki (si mfuko wa nailoni, zinavunda), awahi hospitali kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, haiuzwi. Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi, na baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, huhitaji kuzunguka ofisi kwa ofisi.

Kauzu_Kibaigwa:
Haki ipi hiyo? Kesi ya bodaboda ya kaka yangu imeahirishwa mpaka tumeizoea. Unakopa nauli, unafika mjini, karani anakwambia hakimu ana udhuru. Redio italipa nauli?

Wakili_Uchwara:
Kauzu, hasira yako ndiyo kipindi chenyewe. Watu hawaambiwi kwamba kesi ni ya Jamhuri, na aliyeibiwa anaingia pale kama shahidi tu. Ndiyo maana hakuna anayemtafuta kumpa taarifa, inabidi yeye amfuate mwendesha mashtaka.

Na kuna fidia. Mshtakiwa akitiwa hatiani, mahakama ina uwezo wa kuamuru amlipe mhanga. Kwa ubakaji, Kanuni ya Adhabu inataka fidia iamriwe juu ya kifungo. Tatizo watu wanakwenda kusikiliza hukumu mikono mitupu. Risiti za hospitali zimfikie mwendesha mashtaka mapema. Kenya wameyaweka haya kwenye sheria moja ya wahanga tangu 2014, sisi yetu yametawanyika huku na huku, nani atayaokota asipoambiwa?

Fundi_Mitambo:
Nimekaa redio jamii miaka. Mkasa unaweza kuwepo bila mtu: tengenezeni igizo la dakika tano, mama na askari wa kaunta, kisha askari halisi wa dawati ajibu maswali papo hapo.

Simu zipokeeni nje ya hewa kwanza. Mpigaji akianza "jirani yangu fulani wa nyumba ya bati jekundu", mmeshachelewa. Na msimpigie mtu baadaye wala kumtumia meseji kama hajaomba mwenyewe. Anayemtesa nyumbani anasikiliza redio hiyo hiyo, sebule hiyo hiyo, na simu ikilia anaipokea yeye. Kwa watoto tajeni 116, ni bure.

Jumamosi jioni kataa. Utashindana na Simba na Yanga, hutoboi.

Mpiga_Zeze:
Nimewasoma wakuu. Meneja amekubali hakuna majina, na amenihamishia Jumatano saa nane mchana, wakati wanawake wengi wako nyumbani au saluni. Barua ya kuomba askari wa dawati naipeleka kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kesho. Mtangazaji amenuna, ila igizo amelipenda, anataka yeye ndiye awe askari.

Kauzu_Kibaigwa:
Siku ya fidia nitagi. Na huyo mtangazaji mwambie asiigize askari mpole, hatutaamini.