Kuunganisha akaunti ya benki na programu ya hesabu: nyumba ya wageni, Jambiani

Muuliza, Jambiani
Assalamu alaykum. Ninaendesha nyumba ndogo ya wageni yenye akaunti mbili katika benki ya hapa Unguja, moja ya shilingi na nyingine ya dola. Nimeanza kutumia QuickBooks Online, lakini nikilitafuta jina la benki yangu katika orodha ya benki zinazounganishwa moja kwa moja, silioni. Je, ipo njia ya kuingiza miamala bila ya kuandika mmoja mmoja?

Mhasibu, Mjini Unguja
Waalaykum salaam. Muunganisho huo hutegemea makubaliano na benki yenyewe, kwa hiyo jina lisipokuwemo, hakuna utakalolibadilisha upande wako likatokea. Iombe benki taarifa ya akaunti kwa Excel au CSV (faili la jedwali lililo katika maandishi matupu), kisha ibakishe na safu tatu tu, yaani tarehe, maelezo na kiasi, fedha zilizotoka zikiwa na alama ya kutoa. Futa mistari ya jumla na alama za mkato ndani ya tarakimu. Unapopakia, chagua mpangilio unaotanguliza siku, kwani 03/04 ikisomwa kimarekani huwa ni tarehe 4 Machi. Usirudie kipindi ulichokwisha kukipakia, maana utahesabu mapato mara mbili.

Kuhusu dola, hakikisha kwanza kwamba sarafu kuu ni shilingi, ndipo uwashe matumizi ya sarafu nyingi, kwa kuwa ukishayawasha huwezi kuyazima. Unapobadilisha dola kuwa shilingi, andika uhamisho baina ya akaunti zako. Hayo si mauzo.

Na ninakusihi, asitokee mtu akakuomba neno la siri la benki kwa ahadi ya kukuunganishia, nawe ukampa.

Muuliza, Jambiani
Ahsante sana, shilingi zimeingia vizuri. Katika dola nimekwama: mgeni alilipa 200 kwa kadi, na benki imeingiza 194. Je, niandike mapato ya 194?

Mwenye duka, Chake Chake
La, ndugu yangu. Mapato ni 200, na zile 6 ni ada ya benki, ambayo huandikwa katika matumizi. Ukiandika 194, mauzo unayoyatangaza yatapungua kuliko risiti uliyompa mgeni, na kodi ya ongezeko la thamani hutozwa kwa bei aliyolipa mgeni, si kwa kilichobaki baada ya benki kukata chake. Wapo wanaoliona hili kuwa dogo. Mimi silioni hivyo, kwa sababu tofauti hiyo hujirudia kwa kila kadi, na mkaguzi akilinganisha risiti na vitabu, ndiyo atakayoiona mwanzo.

Ikiwa benki huingiza malipo ya wageni kadhaa kwa mkupuo, fungua ndani ya programu akaunti ya muda ya fedha za kadi. Kila risiti iingie humo kwa kiasi chake kamili; fedha zikifika benki, ziondoe humo pamoja na ada yake. Mwisho wa mwezi salio lililobaki humo liwe ni la malipo ambayo benki bado haijayaleta, na ukikuta zaidi ya hayo, rudi kwenye risiti kabla hujafunga hesabu.