Kayongo kwenye nusu ekari ya kukodi: desmodiamu itatufaa?

Katibu_Seme

Habari zenu wakulima. Kikundi chetu cha akina mama hapa Seme, Kisumu, kinalima nusu ekari ya kukodi, mita 40 kwa 50. Shamba hilo limepandwa mahindi na mtama mfululizo, na sasa kayongo (kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya nafaka) inachomoza kabla hata ya palizi ya pili. Mahindi yana michirizi ya njano na yananyauka mchana ilhali udongo una unyevu. Mavuno huliwa nyumbani kwanza, kinachobaki huuzwa shule ya msingi iliyo jirani kwa ajili ya uji na githeri, kwa hiyo hatutaki kilimo cha kunyunyiza dawa kila wiki.

Tumeshauriwa tupande desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, kati ya mistari ya mahindi na nyasi kuzunguka shamba. Naomba hesabu kamili: mbegu kiasi gani, nafasi gani, na tutapoteza eneo gani la mahindi? Halafu maharagwe yatakaa wapi? Na je, ni busara kupanda mmea wa miaka mingi kwenye shamba ambalo si letu?

JembeMaseno

Dada Katibu, nianze na kayongo yenyewe. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, na mmea mmoja hutoa zaidi ya elfu hamsini. Zinaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri harufu ya mzizi wa hindi, mtama au wimbi. Zikiipata huota, zikashika mzizi na kuanza kunyonya. Ukiona ua la zambarau juu ya udongo, hasara ya msimu huo imeshafanyika chini kwa chini. Kung'oa ni lazima ili isizae mbegu nyingine, lakini hakuwezi kuyaokoa mahindi ya mwaka huu.

Desmodiamu hufanya kazi palepale chini. Mizizi yake hutoa kemikali za aina mbili: moja huamsha mbegu ya kayongo, nyingine huizuia isishike mzizi wa hindi. Mbegu inaota, inakosa pa kunyonya, inakufa. Kwa hiyo kila msimu akiba ya mbegu udongoni inapungua. Juu ya ardhi, harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa funza wa mabua, na nyasi za mpakani huwavuta wakatage huko. Ndiyo maana inaitwa sukuma-vuta. Ilianza kufanyiwa utafiti miaka ya 1990 na ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, huko Mbita kando ya Ziwa Victoria, pamoja na kituo cha Rothamsted cha Uingereza na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, kwa hiyo imejaribiwa kwenye udongo na mvua zetu wenyewe.

Hesabu ya mita 40 kwa 50 ni hii. Mpakani panda mistari mitatu ya nyasi ya malisho iitwayo brakiaria, aina ya Mulato II, sentimita 50 kati ya mistari na 50 kati ya mashina. Hapo utahitaji vipandikizi kama 1,060. Beba 1,200 kwa sababu vingine vitakauka. Nyasi ya nepia pia inafaa, lakini huku magharibi ina ugonjwa wa kudumaa, na kivuli chake ni kirefu zaidi. Kutoka mstari wa ndani wa nyasi acha mita 1 kabla ya mahindi. Ndani unabaki na mita 36 kwa 46, yaani mistari 48 ya mahindi iliyoachana sentimita 75, shimo kwa shimo sentimita 30, mbegu moja moja. Hayo ni mashimo kama 7,300. Pakiti mbili za kilo 2 zatosha na za kurudishia zinabaki.

Desmodiamu ni nusu kilo. Changanya na kilo moja ya mchanga laini mkavu, kisha ugawe mchanganyiko huo mafungu manne yaliyo sawa, kila fungu kwa mistari 12. Usipogawa, mistari ya mwanzo itapata mbegu nyingi na ya mwisho itabaki mitupu, na pale patupu ndipo kayongo itakapojaa. Chora mfereji kwa ncha ya kijiti katikati ya mistari miwili ya mahindi, kina kisizidi sentimita 2, nyunyiza, funika kwa kupitisha tawi lenye majani. Panda siku moja na mahindi mvua ndefu inapoanza. Ukingoja palizi ya kwanza, mahindi yatakuwa yameitupia kivuli na haitaweza kuinuka.

Kazi inapoharibikia ni kwenye palizi. Wiki ya tatu na ya sita piteni kwa mikono, mstari kwa mstari. Jembe likiingia kwenye mstari wa desmodiamu msimu wa kwanza, mmeshaupoteza. Ikishafunika udongo, magugu mengi hayapati nafasi tena, na kuanzia msimu wa pili kazi hupungua sana.

Nusu_Robo_Vihiga

Hesabu ya JembeMaseno ni sahihi kwa shamba la ukubwa huo, ila wasomaji wengine wa huku Vihiga na Kisii msiichukue ilivyo. Kwa mita 40 kwa 50, mpaka wa nyasi unakula karibu sehemu moja ya sita ya shamba. Kwa mita 20 kwa 20 unakula zaidi ya theluthi. Kwa mita 10 kwa 10, unabaki na mita 6 kwa 6 tu za mahindi! Mwenye kipande kidogo ndiye anayelipa zaidi, na ndiye mwenye njaa zaidi. Jambo hili halisemwi vya kutosha kwenye mafunzo.

Dawa yake ni majirani kuunganisha mashamba yanayopakana na kuzungusha mpaka mmoja kwa nje, kila mtu akilima mistari yake ndani. Msipite mita 50 kwa 50, kwa sababu katikati nyasi zitakuwa mbali mno kuwavuta nondo. Kama majirani hawakubali, panda desmodiamu kati ya mahindi na mstari mmoja tu wa nyasi upande unaoweza. Kayongo itapigwa vilevile, maana anayeipiga ni desmodiamu. Utakachopoteza ni sehemu ya kinga dhidi ya funza.

Mpimaji_Udongo

Kabla hamjanunua mbegu, pimeni udongo. Kayongo hupenda udongo wenye njaa ya naitrojeni, na desmodiamu yenyewe huwa dhaifu panapokosekana fosforasi. Sehemu kubwa ya magharibi udongo wake ni mchachu. pH (kipimo cha uchachu) ikiwa chini ya 5.5, fosforasi nyingi mnayoweka hushikwa na udongo na mmea hauipati. Wekeni chokaa ya kilimo mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda na muichanganye na udongo wa juu. Mbolea ya DAP ikitumiwa mfululizo huongeza uchachu, kwa hiyo kwenye shamba la namna hiyo heri mbolea nyingine yenye fosforasi pamoja na samadi iliyoiva, konzi mbili kwa kila shimo. Samadi iwe imeiva kweli: ng'ombe akila kayongo yenye mbegu, mbegu hupita tumboni na kurudi shambani zikiwa hai.

Kwa hiyo kayongo mnayong'oa sasa isiende kwa ng'ombe wala kwenye shimo la mboji. Ng'oeni kabla maua hayajaanza kukauka, tieni kwenye gunia palepale shambani, mkachome. Jembe lililotoka shamba hilo lisuguliwe udongo wote kabla halijaingia shamba safi.

Katibu_Seme

Asanteni sana, Mungu awazidishie. Bado maharagwe na suala la kukodi. Na swali la nyongeza: kikundi jirani kilipanda desmodiamu mwaka jana wakasema haikuota kabisa, wakaacha. Tatizo huwa nini?

Mama_Mbegu

Dada, mara nyingi huwa imeota ikang'olewa na wenyewe. Hebu tuitazame kwa karibu. Wiki ya pili unaona mche wa majani mawili madogo ya mviringo, hauzidi ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Baadaye ndipo majani ya vipande vitatu vitatu hutokea kama ya maharagwe, lakini madogo na yenye vinyweleo. Shina ukiligusa linashika vidole. Ile ya jani la fedha ina mchirizi mweupe katikati ya kila jani. Ile ya jani la kijani ina vidoa vyekundu vya kahawia na hustahimili ukame zaidi. Mtu asiyeujua mche huo akipalilia wiki ya tatu atauondoa wote akidhani ni gugu. Wekeni vijiti kwenye ncha mbili za kila mstari siku ya kupanda na mfunge uzi wakati wa palizi: kilicho chini ya uzi hakiguswi mpaka aje anayeijua.

Sababu ya pili ni kina. Ikifukiwa kama hindi, haina nguvu ya kutoka. Ya tatu ni mbegu ya zamani iliyokaa kwenye joto. Otesheni mia moja kwenye kitambaa chenye unyevu. Zikitoka chini ya nusu, rudisheni kwa muuzaji au mwongeze kiasi.

Maharagwe yanakaa kwenye mstari wa mahindi, katikati ya shina na shina, kamwe si kwenye mstari wa desmodiamu. Ila angalieni hili: mkinunua mbegu ya mahindi iliyopakwa dawa ya imazapiri ya kuua kayongo, dawa hiyo inaua maharagwe pia. Mikono iliyoshika mahindi hayo ikishika mbegu ya maharagwe kabla ya kunawa kwa sabuni, maharagwe hayataota vizuri na mtabaki mkilaumu mvua. Ni bora mpande maharagwe kwanza, kisha mahindi, na shimo la maharagwe liwe kando angalau sentimita 15. Mbegu hiyo ya mahindi ikibaki isisagwe wala isitupiwe kuku.

Kuhusu viwavijeshi vamizi, vilivyoingia Kenya mwaka 2017: utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta mashamba ya sukuma-vuta ya Kenya, Uganda na Tanzania yakiwa na viwavi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80. Hata hivyo kagueni mara mbili kwa wiki tangu hindi likiwa na majani manne. Mkiona kinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa hindi, mponde kiwavi kwa vidole mapema.

Wakili_wa_Shamba

Kuhusu kukodi. Desmodiamu na brakiaria huanza kulipa vizuri msimu wa pili na kuendelea, na mara nyingi mwenye shamba akiona udongo umepona huja kulichukua. Hilo ni dhuluma ya kawaida, na wanaoumia zaidi ni wanawake na vijana wasio na hati. Msipande bila karatasi. Andikeni makubaliano ya misimu isiyopungua sita, yataje vipimo vya shamba, kodi ya kila msimu, nani anamiliki nyasi na desmodiamu, na kwamba akilitaka shamba mapema atawalipa mimea iliyopo au atawaachia msimu mmoja mhamishe marando. Mwenye shamba na watu wawili wa familia yake watie sahihi, mbele ya mzee wa kijiji au chifu. Kama ardhi ni ya familia na haijagawanywa, sahihi ya mtu mmoja haitoshi.

Akikataa zaidi ya msimu mmoja, msitumie pesa kwenye desmodiamu. Pandeni soya au njugu karanga msimu huo. Nazo huamsha sehemu ya mbegu za kayongo na haziwezi kunyonywa. Viazi vitamu na mihogo pia kayongo haiwezi kuvinyonya, na shule inaweza kununua.

Andikeni pia ndani ya kikundi nani anakata majani. Palizi inafanywa na wote, lakini wenye ng'ombe wakikata bure kila siku, wasio na ng'ombe wamewalimia wenzao. Hesabuni mizigo, kila mzigo ulipiwe kwenye sanduku la kikundi au kwa maziwa, na ajenda hiyo ipitishwe kabla ya kupanda.

JembeMaseno

Wakili amesema kweli. Niongeze ukataji wenyewe. Msimu wa kwanza msiikate mpaka mahindi yavunwe, isipokuwa marando yanayopanda juu ya mabua, hayo yapunguzeni. Mkikata, acheni kisiki cha sentimita 6 hadi 10 na msiiguse tena mpaka ichipue vizuri. Ng'ombe asiingizwe kuchunga humo hata siku moja, kwani kwato zake huua mashina. Huku kwetu mifugo huachiliwa baada ya mavuno, kwa hiyo zungumzeni na majirani mapema au mzibe kwa miiba. Ng'ombe apewe ikiwa imechanganywa na nyasi na kukatwakatwa. Desmodiamu ina protini nyingi na hupunguza gharama ya chakula cha kununua.

Msimu wa pili shamba halilimwi lote. Kateni desmodiamu, kisha chimbeni ukanda wa mahindi peke yake, upana wa majembe mawili. Hapo jembe la ng'ombe halifai.

Mbegu ni ghali, kwa hiyo kwa kikundi ningeanza na robo ya shamba. Ikifika miezi minne, kateni marando yaliyokomaa ya vifundo vitatu, fukieni vifundo viwili na mwacheni kimoja juu, sentimita 30 kati ya rando na rando, mvua fupi ikiwa imeshika vizuri. Robo hiyo itawapa marando ya kujazia zile robo tatu zilizobaki bila kununua mbegu tena.

Katibu_Seme

Tumekubaliana kuanza na robo, na karatasi tutaiandika kabla ya kutafuta vipandikizi. Bwana Jembe, tukianza na robo ya mita 20 kwa 25, mpaka wa nyasi tuuzungushe robo hiyo au shamba lote?

JembeMaseno

Shamba lote, dada. Mkiizungusha robo, mtapoteza karibu theluthi ya eneo lake na baadaye mtalazimika kung'oa nyasi zilizo katikati. Zungusheni nje mara moja, hata kama mwaka huu ni mstari mmoja wa vipandikizi 360. Mashina hayo yakinenepa yagaweni, mpate mistari miwili iliyobaki msimu unaofuata.