Shamba la mlimani linazidi kukonda kila msimu, mbolea naongeza ila viazi vinapungua, nifanyeje?

mwana_umalila

Wakuu habari za majukumu. Naombeni ushauri kwa anayejua mambo ya udongo, maana nimefika mahali mvua ikianza kupiga bati usiku mi silali tena.

Nina ekari moja na nusu huku Umalila, Mbeya, shamba la marehemu mzee, liko kwenye mteremko mkali kweli, ukisimama juu unaona bati la nyumba ya mtu wa chini kama uko ghorofani. Enzi za mzee tulikua tunatoa gunia 60 mpaka 65 za viazi, lumbesa zile. Msimu huu nimetoa 31. Na sio kwamba nimezembea, mbegu nilinunua ya kueleweka, dawa ya ukungu nimepiga kila wiki mvua zilipokaza, na mbolea mzee alikua anaweka DAP mifuko miwili, mi nimeweka minne. Pesa imeongezeka viazi vimepungua.

Kilichonishtua ni mvua ya usiku mmoja mwezi wa kwanza. Asubuhi nafika nakuta michirizi imepasua katikati ya matuta, mguu unaingia mpaka kwenye fundo, viazi vichanga viko nje vimeoshwa vyeupee vinaning'inia kwenye mizizi, na kule chini kwenye barabara ya kijiji tope jeusi limejaa watu wanavua viatu. Nilikua nimeweka mbolea ya CAN siku mbili kabla. Af nikapita kwenye ule mti wa mpakani aliopanda mzee, mizizi ya upande wa chini iko hewani shubiri nzima, mwanangu anapitisha mkono chini yake. Sehemu ya juu ya shamba ukipiga jembe hata halizami vizuri linaleta udongo wa njano, ule mweusi niliokua nauona nikiwa mdogo haupo.

Matuta yetu huku tunayashusha kufuata mteremko, ndivyo tulivyorithi, wanasema ukiyakatisha maji yanasimama viazi vinaoza. Na jirani wa juu yangu maji yake yote yanashukia kwangu. Sasa niongeze mbolea tena? Nichimbe makinga maji? Kuna mtu kaniambia nitapoteza nafasi bure. Au niliache nikakodi bondeni? Roho inaniuma kuliacha, ni shamba la mzee.

bwanashamba_mstaafu

Pole sana kijana wangu, na umeeleza vizuri kuliko wengi niliowatembelea miaka yote ya kazi.

Nianze na mbolea kwanza. Usiongeze. Mbolea yako haijashindwa kazi, imeondoka. Udongo wa juu ule mweusi ndio wenye mboji, ndio unaoshika maji na ndio unaoshika chakula cha mmea, ukishaondoka unabaki na ule wa njano ambao hauna mboji. Na udongo wetu wa huku ni wa majivu ya volkano, una tabia ya kuikamata fosforasi na kuing'ang'ania, mmea hauipati kirahisi. Mboji ndio inayosaidia kulegeza hilo. Kwahiyo ukimwaga DAP kwenye udongo wa njano, nyingine inakamatwa na nyingine inashuka na tope barabarani.

Watu wanaona udongo ukipungua kidogo kidogo wanasema si kitu. Hebu piga hesabu: milimita moja tu, zaidi kidogo ya unene wa kadi ya simu, ikiondoka kwenye ekari moja ni mita za ujazo 4, yaani tipa dogo limejaa. Hata kwa udongo wetu mwepesi ni zaidi ya tani 3. Na wewe mizizi iko nje shubiri nzima! Huo udongo hautarudi kwa maisha yako wala ya mwanao, kuutengeneza ni mamia ya miaka. Kilichobaki ndio cha kupigania.

Sasa matuta. Hao wanaosema ukikatisha mteremko viazi vinaoza hawajakosea kabisa, kiazi kikisimama majini kinaoza kweli na ugonjwa unapata njia. Lakini dawa yake sio kuyashusha wima. Unayakatisha, af unayapa mwinamo mdogo sana kuelekea pembeni, maji yatembee polepole mpaka kwenye mfereji uliooteshwa nyasi. Maji yanayotembea hayabebi kitu, yanayokimbia ndio yanabeba shamba.

Na sampuli ya udongo peleka kituo cha utafiti wa kilimo Uyole wapime kabla hujanunua mfuko mwingine. Chukua sehemu kama kumi hivi, juu, katikati na chini, ila usichanganye ule wa juu wa njano na wa chini mweusi, vipimwe mbalimbali.

Mlyambelele

Naomba niongee na mimi maana makinga maji ya fanya juu yalinitia hasara, na nisingependa mwenzangu apite nilipopita.

Mi niko Kilolo, Iringa. Niliona watu wanachimba, unachimba mfereji udongo unautupa upande wa juu wa mlima unakua kama ukuta, kina na upana kama sentimita 60, nikachimba mistari minne kwa macho tu. Kwa macho! Ardhi ya mlima inadanganya sana macho, ulipodhani ni sawa kumbe pameshuka. Mvua ya kwanza maji yote yakakimbilia sehemu moja iliyokua chini, yakajaa, yakapasua ukuta, na yakipasua mstari wa juu yanashuka kwa nguvu yanapasua wa pili, wa tatu. Leo pale kuna korongo ng'ombe anaingia asionekane. Yaani nisingechimba kabisa ingekua nafuu.

Baadae ndio nikafundishwa kipimo cha A. Miti miwili ya mita mbili hivi unaifunga juu, unaweka wa kukatisha katikati, af kamba yenye jiwe inaning'inia toka kileleni. Unasimamisha, unaweka alama kamba inapogusa ule mti wa kukatisha, unageuza miguu ya kulia iwe kushoto pale pale, unaweka alama ya pili, na katikati ya hizo alama mbili ndio usawa wako. Ukitembea nacho shambani kamba ikikaa kwenye alama ya katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja, unapiga kigingi. Mimi na mke wangu tulipiga vigingi shamba zima siku moja, na mistari iliyotoka ilikua imepinda pinda kama nyoka, haifanani kabisa na niliyochimba kwa macho.

Anzia juu kabisa mpakani na jirani, usianzie chini. Maji ya jirani ndio adui wa kwanza, ukianzia chini unayasubiri yakiwa na nguvu.

Na kuhusu nafasi, ni kweli unapoteza, sitakudanganya. Ila pale juu kwako panatoa nini sasa hivi?

MamaMatengo

Wanangu mmenikumbusha nyumbani. Mi ni wa Mbinga, nimeolewa huku Mbeya, na nikipita Isyonje nikiona viazi vimeshushwa kama mvua inavyoshuka naumia sana.

Kwetu Umatengo milima ni mikali kuliko hiyo na wazee wamelima na wanalima kwa ngoro. Unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatizana unapata vyumba vya mraba, af unachimba udongo katikati ya kila chumba unafunika yale majani. Majani yanaozea ndani ya tuta, katikati panabaki shimo. Mvua ikija kila shimo linabeba maji yake, hayana pa kukimbilia. Maharage yanapandwa juu ya matuta, msimu unaofuata mahindi, na ngoro zikichimbwa upya lile shimo linakua tuta na tuta linakua shimo. Mama yangu alinionyesha kwa jembe nikiwa darasa la tatu, ukimkosea mstari anakwambia funika tena uanze upya.

Ni kazi ngumu, na kazi kubwa ni ya wanawake, hilo niliseme wazi maana watu wa semina wanaisifia ngoro kama imejichimba. Na kwa viazi sijui kama nitakushauri shimo, kwa hilo la kuoza. Ila pale juu palipogeuka njano we acha viazi misimu kadhaa, weka maharage na mahindi kwa ngoro, majani yaozee humo. Na naomba mabua msichome! Mnavuna mnakusanya mnawasha moto mwezi wa tisa, mvua ya kwanza inakuta ardhi iko uchi, hakuna hata jani la kuizuia.

kijana_wa_njombe

Nakubaliana na wote ila mmesahau majani ya kushika ukuta. Ukuta wa udongo mtupu mvua mbili tatu umekwisha. Panda nyasi za gwatemala au mabingobingo juu ya ule ukuta. Mabingobingo yanakua haraka na ng'ombe wa maziwa wanakula, ila yana uchoyo, mstari wa mazao ulio jirani nayo unadhoofika, kwahiyo uyakate mara kwa mara usiyaache yawe pori na panya wakafanya makazi. Mi nakata kila baada ya wiki 6 hadi 8 wakati wa mvua, samadi inarudi kule kule shambani.

Kuhusu kukodi bondeni, ndugu yangu fikiria. Shamba la kukodi msimu mmoja nani atalichimbia makinga maji? Ndio maana mashamba ya kukodisha ndio yaliyochakaa zaidi, kila anayekuja anakamua na kuondoka. Na ukikodi bondeni kandokando ya mto kumbuka mita 60 za sheria ya mazingira, utafukuzwa viazi vikiwa na maua.

mwana_umalila

Wakuu nimesoma yote mara mbili mbili, Mungu awabariki. Bwana shamba shikamoo, sampuli nimezichukua leo, za juu nimeweka mfuko wake na za chini mfuko wake. Mama nawe shikamoo, kuhusu kuchoma umenigusa, mwaka jana nilichoma mwenyewe.

Jioni nilipanda kwa jirani wa juu. Nilikua na hasira nimeenda kulalamika, ila nikamuomba tu tushuke naye mpakani akaone ule mti. Ni mtu mzima, alikua rafiki wa mzee. Aliinama akaingiza mkono chini ya mizizi, akanyamaza kidogo, akaniambia mti huu tuliupanda na baba yako, udongo ulikua hapa, akagusa shina juu kidogo. Amekubali mfereji wa kwanza tuuchimbe pamoja pale mpakani, nusu kwake nusu kwangu, na maji tuyatoe upande wa kushoto kwenye lile pori la nyasi. Tutaanza mwezi wa nane kabla ardhi haijawa ngumu sana. Kipimo cha A nimeshachonga.

Swali lililobaki, gwatemala huku kwetu naiona kwa nadra, vipande napata wapi?

Mama Tukuyu

Vipande usinunue mwanangu. Mi ninayo mstari mzima pembeni ya migomba, mvua zikianza njoo na panga na magunia matatu, ukate shina lililokomaa lenye vifundo vitatu, viwili vizame chini. Uje asubuhi tu, mchana mvua ya Rungwe haikupi nafasi.