Java, Postgres na PgBouncer: kosa la S_1 linanitesa, naomba ushauri

mtunza_stoo: Wakuu, habari za jioni. Nina mfumo wa stoo wa mteja, nimeuandika kwa Java, data ziko kwenye database ya PostgreSQL. Watumiaji walipoongezeka nikaweka PgBouncer katikati (programu inayogawa miunganisho ya database), `pool_mode = transaction`. Tangu hapo logi inajaa hiki:

`ERROR: prepared statement "S_1" does not exist`

Kinachonichanganya, ukurasa unafunguka vizuri mara chache za mwanzo, halafu ndipo unagoma. Kwenye laptopu yangu, ambako hakuna PgBouncer, sijawahi kuliona. Jamaa kanishauri niachane na alama za `?` zinazoshika nafasi za thamani kwenye kwiri (maombi kwa database), niunganishe maandishi ya kwiri mwenyewe. Mteja anafungua duka saa mbili asubuhi. Natanguliza shukrani.

fundi_seva: Mkuu, hizo mara chache zinatokana na `prepareThreshold`, mpangilio wa draiva ya JDBC inayounganisha Java na database. Usipoigusa inakuwa 5. Kwiri ileile ikifika mara ya tano, draiva inaiomba seva iitunze kwa jina, mfano S_1 (ndiyo "prepared statement"), isiichambue upya kila mara. Jina hilo linaishi ndani ya muunganisho mmoja tu. Sasa PgBouncer, kwa mpangilio wako, kila muamala inakupa muunganisho wowote ulio wazi. Unaofuata unaweza kuwa haujawahi kupokea S_1. Na usishangae ukikutana na "already exists", chanzo ni hichohicho.

Weka `?prepareThreshold=0` mwishoni mwa anwani ya JDBC (kama una vigezo vingine, tumia `&` badala ya `?`), kisha washa programu upya.

dada_kwiri: Naomba sana, usiguse alama za `?`. Hata ukiweka 0, draiva bado inatuma kwiri kivyake na thamani kivyake. Kinachoondoka ni lile jina tu. Ukiunganisha maandishi, siku karani akiandika "maziwa ya ng'ombe" ile alama juu ya ng' itavunja kwiri. Hapo ni bahati mbaya tu. Mwenye nia mbaya atapitisha amri yake mwenyewe palepale.

mzee_wa_logi: PgBouncer yako ni toleo gani? Kuanzia 1.21, lililotoka 2023, inaweza kufuatilia hizi prepared statement yenyewe. Unaweka `max_prepared_statements = 100` kwenye pgbouncer.ini. Inahusu zile zinazotumwa na draiva kwa itifaki, si `PREPARE` uliyoiandika kwa mkono ndani ya SQL. Mimi nisingezima utunzaji huo moja kwa moja. Kwiri zinazounganisha majedwali mengi zinafaidika seva isipozichambua upya.

mtunza_stoo: Asanteni sana wakuu. Yangu ni 1.18, kumbe ndiyo maana. Nimeweka 0, nimefungua ukurasa wa mauzo zaidi ya mara thelathini, logi imetulia. Jumapili duka likifungwa napandisha toleo, naondoa hiyo 0 na kujaribu 100. Alama za `?` zinabaki zilivyo.